Dawa za kulainisha mlango wa kizazi kabla ya kuanzishwa uchungu: maswali wanayouliza akina mama wa Mombasa

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mja mzito aliyeambiwa kliniki kwamba ataanzishwa uchungu, pamoja na jamaa watakaomsindikiza na kukaa nje ya leba wakingoja habari. Hayachukui nafasi ya mkunga au daktari aliyempima. Yanamsaidia mama kufahamu anachopewa, kwa nini anapewa, na ni wakati gani anapaswa kuita msaada bila kuona haya.

Kulainisha mlango wa kizazi ni kufanya nini hasa?

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale unapokutana na uke. Kwa miezi mingi ya mimba huwa mrefu, mgumu na umefungwa, na wakunga huwafundisha wanafunzi wao kwamba ukiugusa kwa kidole unafanana na ncha ya pua. Siku za kuzaa zikikaribia hulainika mpaka ukafanana na mdomo, hufupika, kisha huanza kufunguka. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na kemikali za mwili wenyewe ziitwazo prostaglandini, na dawa tunazozizungumzia hapa ni prostaglandini za kiwandani zinazofanya kazi ile ile kwa mama ambaye mwili wake haujaanza.

Watu wengi huchanganya dawa hizi na dripu. Dripu ya kuanzisha uchungu huwa na oksitosini, ambayo kazi yake ni kuubana mfuko wa uzazi. Kuiweka wakati mlango ungali mgumu ni sawa na kusukuma mlango ambao komeo lake halijatolewa: nguvu hutumika, mama huchoka, na njia haifunguki.

Mkunga anajuaje kwamba mlango haujawa tayari?

Anapima kwa vidole na kutoa alama. Utaratibu unaotumika hadi leo ulichapishwa mwaka 1964 na daktari wa Marekani, Edward Bishop, na unaangalia mambo matano: njia imefunguka kiasi gani, mlango umefupika kiasi gani, ni mgumu au laini, umeelekea nyuma au mbele, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi kwenye nyonga. Jumla ya juu kabisa ni alama 13. Mama mwenye alama 6 au chini ya hapo kwa kawaida huhitaji kulainishwa kwanza, na mwenye 8 au zaidi huenda akaanzishwa kwa kupasuliwa chupa au kwa dripu peke yake. Uliza alama zako ni ngapi, kwa sababu ni swali la haki na jibu lake ni namba moja tu.

Nimepita tarehe yangu. Je, ni lazima nianzishwe?

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba tarehe yenyewe ni sahihi, na hapa Pwani lipo kosa moja la hesabu ambalo halitajwi vya kutosha. Bibi na mama wakwe wengi huhesabu mimba kwa miezi ya mwandamo. Mama aliyepata hedhi yake ya mwisho mwanzoni mwa Mfungo Mosi ataambiwa kwamba miezi tisa imetimia mwanzoni mwa Rajabu, na siku tatu baadaye nyumba nzima itaanza kuulizana mbona mtoto hatoki. Miezi tisa ya mwandamo, hata hivyo, ni takriban siku 266, ilhali mimba huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mama huyo yumo katika wiki ya 38, hajachelewa hata kidogo, na kumwanzisha uchungu kwa sababu ya hofu ya nyumbani ni kumtoa mtoto mapema bila faida. Picha ya tumbo iliyopigwa katika miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayotoa tarehe ya kuaminika zaidi. Ile inayopigwa mwishoni mwa mimba inaweza kukosea kwa wiki kadhaa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanzishwa uchungu kwa mama anayejulikana kwa hakika kwamba ametimiza wiki 41, na halipendekezi kabla ya hapo kwa mimba isiyo na tatizo. Matatizo yakiwepo hesabu hubadilika: presha ya mimba, baadhi ya hali za kisukari, chupa iliyopasuka bila uchungu kuanza, mtoto asiyekua vizuri tumboni au aliyefariki tumboni. Katika hali hizo daktari hupima hatari ya kungoja dhidi ya hatari ya kuanzisha, na mama anapaswa kuelezwa pande zote mbili.

Kabla ya kufikia dawa, mkunga anaweza pia kupendekeza kutenganisha utando, yaani kupitisha kidole ndani ya mlango wa kizazi na kuuachanisha utando wa chupa na ukuta wa mfuko. Kunauma kidogo na huenda ukaona ute wenye damu, lakini baadhi ya akina mama huanza uchungu wenyewe baada yake wakawa hawakuhitaji tena dawa.

Ni dawa gani zinazotumika?

Ya kwanza ni misoprostoli, ambayo asili yake ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo na baadaye ikaonekana kwamba inaathiri sana mfuko wa uzazi. Ni ya bei nafuu na haihitaji friji. Ya pili ni dinoprostoni, inayotiwa ukeni kama jeli au kama kipande chenye uzi; hufanya kazi vizuri, lakini ni ghali na lazima itunzwe kwenye baridi.

Ipo pia njia isiyo ya dawa. Mpira mwembamba uitwao katheta ya Foley hupitishwa ndani ya mlango wa kizazi, na puto lililo kwenye ncha yake hujazwa maji safi ya dawa, kwa kawaida kati ya mililita 30 na 80, likabonyeza na kuufungua mlango taratibu. Nataja puto hili kwa makusudi, kwa sababu kwa baadhi ya akina mama ndilo salama zaidi, na wengi hawajui kwamba lipo mpaka waulize.

Nimeambiwa kidonge kina mikrogramu 200, lakini dozi ni 25. Inapimwaje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, kwa maana madhara mengi ya misoprostoli hutokana na kipimo. Dozi inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kuanzisha uchungu ni mikrogramu 25 kwa mdomo kila baada ya saa mbili, au mikrogramu 25 ukeni kila baada ya saa sita. Kidonge kinachopatikana kwa wingi zaidi kina mikrogramu 200, kwa hivyo ndani yake mna dozi nane. Mama akipewa kizima kwa kukosea, amepewa kwa mkupuo mmoja dawa ambayo ingetosha kugawanywa kwa zaidi ya nusu siku.

Vipo vidonge vilivyotengenezwa maalumu kwa kazi hii vyenye mikrogramu 25 kila kimoja, na mahali vilipo hakuna sababu ya kutafuta njia nyingine. Mahali ambapo havipo, baadhi ya wahudumu hukata kidonge cha 200 vipande vinane. Nimewahi kukiona kikikatwa kwa wembe juu ya kisahani cha chuma: vipande viwili vya kwanza vilitoka sawa, cha tatu kikavunjika, na sehemu ya mwisho ikabaki unga ulioganda kwenye ubapa wa wembe. Hakuna aliyejua kila kipande kilikuwa na dawa kiasi gani, na mtu hawezi kujua kwa kutazama.

Njia iliyo bora kuliko wembe ni ya maji. Kidonge kimoja cha mikrogramu 200 hutiwa ndani ya mililita 200 za maji safi ya kunywa, kikavurugwa, kisha mama hupewa mililita 25 zilizopimwa kwa sirinji au kikombe chenye alama, ambazo ni sawa na mikrogramu 25. Kidonge hakiyeyuki chote kama sukari, maana unga mweupe hutuama chini, na kwa sababu hiyo chupa hutikiswa kila mara kabla ya kupima. Huandikwa jina la mama na saa ya kuchanganywa, na yanayobaki baada ya saa 24 humwagwa. Ukiona unamiminiwa kwa kukadiria kwa macho, una haki ya kuuliza kwa upole, “Dada, hizi ni mililita ngapi?”

Kwa mdomo au ukeni, ipi ni salama zaidi?

Zote mbili zinakubalika kwa dozi ndogo. Kwa mdomo dawa huingia haraka mwilini na kupungua haraka, jambo ambalo wengi wetu tunalipenda, kwa sababu tumbo likianza kubana kupita kiasi dozi inayofuata huachwa na nguvu ya ile iliyotangulia hupungua. Ukeni dawa hupanda polepole na kudumu kwa muda mrefu zaidi, ndiyo maana nafasi kati ya dozi ni saa sita. Kuiweka chini ya ulimi kwa ajili ya kuanzisha uchungu wa mtoto aliye hai si jambo la kujaribu, kwa kuwa huko hufyonzwa kwa kasi na kwa wingi.

Ni nani hapaswi kupewa?

Mama aliyewahi kuzaa kwa upasuaji asipewe misoprostoli kwa kuanzisha uchungu. Kovu la mfuko wa uzazi linaweza kuachia chini ya nguvu ya dawa hii, na mfuko ukipasuka mama na mtoto wanaweza kufa kabla chumba cha upasuaji hakijaandaliwa. Katazo hilo linamhusu pia aliyepasuliwa mfuko kwa sababu nyingine, kama vile kutolewa uvimbe. Kwa mama kama huyo daktari anaweza kufikiria puto, au kupanga upasuaji mwingine. Kwa hivyo usifiche operesheni ya zamani kwa kuhofia kwamba utapasuliwa tena. Inasikitisha kwamba wapo wanaoificha, na kovu la chini ya kitovu likiwa limepona vizuri huweza kumpita mhudumu aliyechoka wa zamu ya usiku.

Hawaanzishwi kwa dawa yoyote wale ambao kondo la nyuma limeziba njia, ambao mtoto amelala kingamo, au ambao mapigo ya moyo wa mtoto tayari yanaonyesha dhiki. Mama aliyezaa mara tano au zaidi huhitaji tahadhari kubwa, kwa sababu mfuko wake huitikia dawa kwa nguvu.

Nitajuaje kwamba dawa imezidi?

Uchungu mzuri huja na kuondoka. Tumbo hubana, likafika kilele, likalegea, na katika kule kulegea ndipo damu hupita vizuri kwenye kondo na mtoto akapata hewa. Dawa ikizidi, mapumziko hayo hupotea. Wahudumu huhesabu kwamba mibano zaidi ya mitano katika dakika 10, ikipimwa kwa muda wa nusu saa, imepita kiasi, na mama mwenyewe anaweza kuhesabu kwa kuweka kiganja juu ya tumbo na kutazama saa ya ukutani. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatarajiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na yanapaswa kusikilizwa kabla ya kila dozi.

Mwite mhudumu papo hapo, hata kama umemwita dakika tano zilizopita, ikiwa tumbo halilegei, ikiwa umesikia maumivu makali ya ghafla kama kitu kinachochanika, ikiwa damu inatoka kwa wingi kuliko ute wa kawaida, ikiwa mtoto amepunguza kucheza, ikiwa chupa imepasuka na maji yana rangi ya kijani, au ikiwa unahisi kamba ya kitovu ukeni. Uchungu uliokuwa mkali kisha ukakatika ghafla si nafuu, na huenda ikawa ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Wahudumu watakachofanya ni kukulaza kwa ubavu wa kushoto, kusimamisha dozi inayofuata au dripu, kumpima mtoto, na pengine kukudunga terbutalini ya kulegeza mfuko. Kipande cha dinoprostoni huvutwa kwa uzi wake. Misoprostoli ikishaingia mwilini haiwezi kuvutwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuanza na dozi ndogo.

Kutetemeka, kichefuchefu, kuharisha na joto kupanda kidogo ni mambo yanayojulikana ya dawa hii na hupita. Hata hivyo homa isidhaniwe moja kwa moja kuwa ni ya dawa. Katika mji wenye malaria, na kwa mama ambaye chupa imepasuka tangu jana, lazima chanzo chake kitafutwe.

Mbona sikuwekewa dripu mara moja baada ya dozi ya mwisho?

Kwa sababu dawa mbili zinazobana mfuko zikikutana hufanya kazi kwa pamoja. Baada ya misoprostoli kunangojewa angalau saa nne, na miongozo mingi husema saa sita baada ya dozi ya ukeni. Shangazi akija na kulalamika kwamba mgonjwa wake ameachwa tu kitandani bila kuhudumiwa, mweleze kwamba kungoja huko ni sehemu ya matibabu.

Naweza kununua dawa hii dukani nikaanza nyumbani?

Hapana. Misoprostoli ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na mwenye duka anayekuuzia bila cheti hawezi kukupima njia wala kumsikiliza mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mama aliyepewa misoprostoli au oksitosini asiachwe peke yake kamwe, na kwamba inapowezekana uanzishaji ufanywe mahali ambapo upasuaji unaweza kufanyika. Fikiria mama wa Likoni aliyemeza kidonge jioni, tumbo likakataa kulegea saa nane usiku, na kati yake na Hospitali Kuu ya Pwani kuna foleni ya magari na feri ya kungojwa. Mtoto aliyekosa hewa hana muda wa kungoja feri.

Anayeishi ng'ambo, Likoni au ndani zaidi Kisauni, na amepangiwa tarehe ya kuanzishwa, afike mapema mchana akiwa na kijitabu chake cha kliniki na mtu wa kumsindikiza.

Je, tende, mafuta ya nyonyo na dawa za miti shamba?

Tende ni chakula, na mja mzito asiye na kisukari hazimdhuru. Mafuta ya nyonyo huharisha sana na yanaweza kubana mfuko, kwa hivyo mama huingia leba akiwa amepungukiwa maji na amechoka kabla ya kazi kuanza. Mizizi na majani ya kuchemsha ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi: baadhi yake hubana mfuko kweli, na kipimo chake hakuna anayekijua. Kama umekunywa, sema kabla ya dozi ya kwanza. Mkunga mwenye busara hatakugombeza, bali atakisubirisha kidonge. Nyamaza, na dawa mbili zitakutana tumboni mwako bila mtu yeyote kujua.

Nimepangiwa katikati ya Ramadhani. Niendelee kufunga?

Dozi ya kunywa hufunguza. Mja mzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake ameruhusiwa kula, na mama anayetarajia uchungu wa siku nzima huhitaji maji na nguvu. Masuala ya kulipa siku aulizwe sheikhe baadaye.

Joto la Mombasa haliharibu dawa?

Misoprostoli huvumilia joto la kawaida la chumba, lakini unyevu ni adui yake. Mtu yeyote aliyeacha kibakuli cha chumvi wazi jikoni wakati wa masika anajua hewa ya hapa inavyofanya. Kidonge kilichotolewa kwenye pakiti yake jana, au nusu iliyofungwa kwa karatasi na kuwekwa droo, huenda kimepoteza nguvu, na mama akaonekana kwamba “hakuitikia” ilhali dawa ndiyo iliyokufa. Kidonge kitolewe mbele yako. Oksitosini nayo itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8, ndani ya friji inayofanya kazi hata umeme unapokatika.

Inachukua muda gani, na ikishindikana?

Kwa mimba ya kwanza, kulainika hadi kuzaa kunaweza kuchukua siku nzima au hata mbili. Njia ikikataa kufunguka haina maana kwamba ni lazima upasuliwe papo hapo. Ikiwa mama na mtoto wako salama, inawezekana kupumzika, kupimwa upya, na kujaribu njia nyingine kama puto. Katika utafiti uliofanywa Nagpur, India, na kuchapishwa mwaka 2017, akina mama wenye presha ya mimba waliopewa misoprostoli ya kunywa walizaa kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24 kwa asilimia 57, na waliowekewa puto kwa asilimia 47. Hata katika mikono mizuri, basi, karibu nusu hawakumaliza siku ya kwanza.

Nina haki ya kuuliza, au hata kukataa?

Unayo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, na akubali kabla ya kutibiwa. Mwombe mhudumu akuambie kwa Kiswahili sababu ya kuanzishwa, jina la dawa, kipimo chake, na saa ya dozi inayofuata, kisha mwenzako aandike saa hizo kwenye simu. Zamu zinapobadilika asubuhi, karatasi hupotea na maneno husahaulika, na dozi hurudiwa mapema kwa sababu tu hakuna aliyejua kwamba ya kwanza ilitolewa.

Baada ya kuzaa nilipewa vidonge vitatu vizima vya dawa ile ile. Je, walikosea?

Hawakukosea. Mtoto akishatoka mfuko unapaswa kubana kwa nguvu ili damu isivuje, na pale ambapo oksitosini haipo au ubora wake una shaka, misoprostoli ya mikrogramu 400 au 600 kwa mdomo hutumika kuzuia kuvuja damu. Vidonge viwili au vitatu ambavyo saa chache kabla vingeweza kukuua, sasa ndivyo vinavyokulinda, kwa kuwa tumboni hamna tena mtoto.